Maji ya Msiba wa Mtani

Siku ya kwanza aliponiona alinitukana miguu. Nilikuwa bi harusi mgeni, nimeletwa Ngamiani kutoka Muheza, wanja haujanitoka machoni, na mavyaa alikuwa amenikalisha mkekani ili wanawake wa mtaa waje kunitazama. Mavyaa ndivyo tumwitavyo mama wa mume. Wageni wakawa wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja na maneno yake ya adabu, mashaallah na mashaallah. Mara akaingia mwanamke mrefu, karai la mchicha kichwani, akanitazama toka utosini hadi nyayoni, akapiga ukelele: "Hee! Wabondei wameishiwa watoto mpaka wanatuletea bata? Hebu tazameni miguu hiyo! Huyu atalala chumbani au tumjengee banda?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikamgeukia mavyaa nikitaraji atamfukuza yule mwanamke, na mavyaa, mkono kiunoni kama kawaida yake, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Usimjali, mwanangu," akaniambia. "Huyo ni Mtani." Basi toka siku hiyo mimi kwake nikawa Bata, na yeye kwangu akawa Mtani. Jina lake la ubatizo nililisikia baadaye sana, na sitalitaja hapa, kwa sababu mtaani kwetu halikuwa na kazi.

Alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na sisi watu wa huku ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Wazee walisema tulipigana nao, kisha tukapatana, na mapatano yenyewe ndiyo huo utani: unitukane nikutukane, uninyang'anye kuku nikunyang'anye kitoweo, na asinune mtu. Lakini utani si mdomo tu. Mmoja akifiwa, mtani wake ndiye anayeishika nyumba ile. Mfiwa hagusi ufagio, hagusi kuni, na maji ndiyo kabisa, hata kata moja hateki. Mtani atafagia, atateka, atapika, na huku anafanya vituko mpaka wafiwa wacheke na kilio kiko kooni. Hayo Mtani aliyajua na aliyafanya kwa moyo wote.

Nilimwona kwa macho yangu alipofariki baba wa mume wangu. Mavyaa alikuwa hajala tangu mauti yaingie ndani. Ukimpelekea uji anageukia ukutani. Mtani alikuwa amekwisha kuteka maji ya watu wote, ameosha masufuria, amefagia ua mpaka chungu hawana pa kupita. Akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa koti lake na kofia yake ya vito, akakaa juu ya kiti chake cha kamba, akaanza kuita kwa sauti ile ile ya mzee: "Kahawa! Jamani, nyumba hii haina mtu? Kahawa yangu imekwenda kuchumwa Bukoba?" Mwalimu wa chuo, aliyekuwa amekuja kusoma hitima, alikunja uso. Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mavyaa akanyanyua kichwa, akatazama, akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akasema, "Mshenzi wewe, nipe huo uji." Akaunywa wote.

Ndiyo, alimwita mshenzi. Sote tulimwita hivyo. Mshenzi, mla panya, kafiri, manamba. Manamba ndivyo walivyoitwa watu walioletwa kutoka bara kuja kukata mkonge katika mashamba, na mume wake alikuwa mmoja wao, amekata mkonge ujana wake wote kabla ya kupata kibarua cha reli. Walipanga chumba cha uani, mwisho wa barabara yetu, na kibustani cha mchicha walikuwa nacho huko Nguvumali. Mume alikuwa mtu wa kimya, akisalimiwa anavua kofia. Tukimtukana yeye anatabasamu tu, akamwachia mke wake kazi ya kujibu. Na mke alijibu! Alimwambia mavyaa kwamba watu wa pwani tumekalia uungwana mpaka umepasuka, ukitaka kumwua mtu wa pwani mwonyeshe jembe. Alisema Wadigo wakiambiwa mvua imenyesha wanauliza kama imeshapikwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kulikuwa na kikombe. Nakitaja kwa sababu mimi ndiye niliyekiosha kwa miaka. Kilikuwa kikombe cha bati, cha rangi ya samawati, kimebanduka ukingoni, na mavyaa alikitundika kwenye msumari nje ya jiko. Hicho kilikuwa cha Mtani peke yake. Vikombe vya ndani vilinywewa na wote, na hata wapita njia tusiowajua, bora wawe wa dini. Mtani hakuwahi kununa. Akifika anakitungua mwenyewe, anachota maji mtungini, anainua juu na kusema, "Kikombe cha Kwini hiki! Wengine wote mnashirikiana, Kwini ana chake." Tulicheka na hilo pia. Mimi niliona ni kicheshi kizuri, nikakirudisha msumarini.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mbishi, na mchoyo wa chumvi mpaka aibu. Arusini alilia na msibani alicheka, akatia watu wasiwasi kotekote. Ugoro wake aliuweka kwenye kikopo kidogo cha dawa, akapiga chafya wakati mwalimu anapoomba dua, akasema "Amina" kabla ya dua kwisha. Na alikuwa na ubaguzi wake. Wamakonde hakuwapenda. Vibarua wenye chale usoni wakipita barabarani aliwavutia watoto ndani, akasema wale wanakula watu. Nikamwuliza siku moja, "Mtani, mbona wao huwatanii?" Akanijibu bila kufikiri, "Nitawataniaje, Bata? Hao hatukuzikana nao." Jibu lake lile nililipita. Nilidhani anakwepa swali.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake yote. Alikuwa na msemo aliourudia hata tukachoka nao: anitukanaye ndiye atakayenizika. Mtu akimtukana alimpima kwanza. Kama ni mtu wa kumzika, alimrudishia matusi makubwa zaidi, na hapo urafiki ulinoga. Kama si wa kumzika, Mtani aligeuka mtu mwingine kabisa, sauti ikashuka, adabu ikajaa, na ungejua kwamba amekasirika.

Siku moja tulikwenda naye mjini, kwenye duka la nguo la Mhindi mmoja, kununua kaniki. Dukani mlikuwa na kiti kimoja kizuri cha mbao, cha Wazungu. Sisi tulisimama upande wa nje wa meza, tukionyesha nguo kwa kidole. Mtani akaingia akakaa kwenye kile kiti, akanyoosha miguu. Mwenye duka akamaka. "Mama, toka, toka! Kiti ya memsahibu hii!"

"Haina neno," akasema Mtani. "Mimi mtani wake. Akija nitampakata."

Haukupita muda mrefu akaingia mama wa Kizungu kweli, mke wa bwana mmoja wa shamba la mkonge. Akamwona Mtani kitini, uso ukamwiva, akasema maneno makali kwa lugha yake na mwisho akaongeza neno moja la Kiswahili, "Nyani." Mtani akasimama polepole, akajifunga kanga vizuri, akamwambia mwenye duka, "Mwulize mama huyu, nikifa atakuja kunitekea maji?"

"Siwezi uliza hiyo, mama," akasema yule Mhindi, jasho linamtoka. "Nenda tu, nenda."

"Basi mwambie hana ruhusa ya kunitukana," akasema Mtani, na akatoka na heshima zake, sisi nyuma yake tukikimbizana kama vifaranga.

Hadithi ile tuliila mwezi mzima. Kila aliyekuja kunywa chai nyumbani alisimuliwa, na mavyaa ndiye aliyeisimulia vizuri kuliko wote, ingawa hakuwapo. Aliigiza mpaka uso wa Mzungu. "Nyani! Ati nyani! Wamtukane mtu na hawajui hata kumzika!" Tulijiona washindi.

Na zama zenyewe zilikuwa za kujiona washindi. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeingia Tanga, na wanawake ndio tuliokuwa mstari wa mbele. Tulishona kanga za sare, tukaimba, tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Katika mkutano mmoja uwanjani msemaji alizihesabu dhambi za mkoloni moja baada ya nyingine. Hospitali ametugawa. Ndani ya treni ametugawa. Shule, vyoo, viti, kila kitu kina cha Mzungu, cha Mhindi na cha Mwafrika. Tukapiga vigelegele. Mtani alikuwa amesimama kati yangu na mavyaa. Nikamwona anamgusa mavyaa kiwikoni, kisha anakunja mkono kama ameshika kikombe, anajifanya anakunywa, kidole kidogo kimesimama kibibi.

Mavyaa aliona. Akacheka, akampiga kofi la mgongo. "Hayo ya kwetu ni utani, mshenzi we!"

"Haya," akasema Mtani, naye anacheka. "Tutaonana msibani."

Mume wake alikufa muda si mrefu baada ya mkutano ule. Aliugua homa, akapelekwa hospitali, akarudishwa maiti kwa mkokoteni wa kuazima. Habari zilifika barabarani asubuhi, tukaziitikia kwa innalillahi, kisha kila mtu akamtazama mwenzake.

Mavyaa ndiye aliyesema wa kwanza. "Msiba wa makafiri ule. Kutakuwa na padri, kutakuwa na misalaba. Mtu unakwenda kufanya nini?" Mwingine akasema nyumba yenyewe itajaa manamba kutoka mashambani, waungwana tutakaa wapi. Mwingine akasema la chakula: "Nyama yao nani kachinja?" Ikawa kama tumepata mlango wa kutokea. Chakula, ndiyo, chakula. Hatuna ubaya naye, masikini, ila chakula.

Mtani alikuwa ametuwazia hilo kabla yetu. Hili nililijua kwa mwalimu wa chuo, yule yule aliyekunja uso juu ya koti la marehemu. Alipita kwetu alasiri, akasimama mlangoni, akamwambia mavyaa, "Yule mama ameniita kumchinjia kuku. Nimewachinja kwa mkono wangu, na kisu changu mwenyewe. Ameazima masufuria mapya kwa Mhaya wa dukani, hayajapikiwa kitu. Anasema watani wake wa barabara hii watakuja, asingependa wapate tabu ya kula. Na mimi nimempa mkono wa pole. Jirani ni jirani."

"Ahsante, mwalimu," akasema mavyaa. "Tutaangalia."

Hatukuangalia. Nilimtazama mavyaa, naye akanitazama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Utani ni wa mdomo, mwanangu. Tukianza kwenda kuteka maji ya manamba, kesho watu watatuweka fungu gani?" Mimi nilikuwa mkamwana tu katika nyumba ya watu, hiyo ni kweli. Lakini sikutafuta hata neno la kubisha. Nilikubali upesi, na moyoni nikashukuru kwamba kuna mkubwa wa kukataa kwa niaba yangu.

Jioni nikaenda bombani. Bomba letu lilikuwa kwenye kona, na saa ile foleni ilikuwa ndefu, wanawake wote wa barabara tuko pale na madebe. Tulikuwa tunazungumza kwa sauti za chini, maana vilio vilisikika kutoka kule mwisho. Mara mazungumzo yakakatika. Mtani alikuwa anakuja, amejifunga kaniki ya msiba, kichwa wazi, debe mkononi. Mfiwa anakuja kujitekea maji.

Na sisi, unajua tulifanya nini? Tulimpisha foleni. Tulisogea pembeni sote kwa pamoja, kwa huruma kabisa, mmoja akasema, "Mpisheni jamani, ana msiba." Hiyo ndiyo ilikuwa pole yetu. Debe langu ndilo lililokuwa chini ya bomba, nusu limejaa. Nikaliondoa, nikaweka lake.

Maji yakaingia. Yeye alisimama, mikono imeshuka, anatutazama mmoja mmoja. Hakulia. Alitutazama vile mtu anavyotazama nyumba aliyoambiwa ina watu, akabisha, asijibiwe. Debe likajaa, likamwagika. Nikafunga bomba. Hakuinama kulichukua. Alikuwa anangoja, na kila mmoja wetu alijua anangoja nini: mkono wa mtu mmoja tu ulichukue lile debe na kutangulia nalo njia ya kwake. Hatua zenyewe zilikuwa chache. Kuku walikuwa wamechinjwa na mwalimu wetu sisi.

Nikainama, nikalishika debe. Wallahi nililishika. Nikalinyanyua, nikasimama nalo, nikaona macho ya wanawake yote yananitazama mimi. Nikamtwika. Mikono yangu hii ndiyo iliyoweka maji ya msiba juu ya kichwa cha mfiwa, na nikayasawazisha vizuri yasimwagike.

"Ahsante," akasema. Akaenda zake.

Waliomzika yule bwana ni Wanyamwezi wenzake wa mkonge, na nasikia vibarua wawili wenye chale usoni walifagia ua na kupasua kuni tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuitwa na mtu. Wale kuku waliwala wao.

Baada ya hapo Mtani hakutununia. Ingekuwa nafuu. Alipita na karai lake kama zamani, mchicha ule ule, ila alibisha hodi. "Hodi wenyewe. Hamjambo? Watoto wazima? Haya, tunashukuru." Mavyaa alimchokoza, akamwita mla panya, akamwuliza kama panya wa Nguvumali wamenona. Mtani akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Ndiyo, bibi." Mavyaa akajaribu tena mara nyingine, na tena, kisha akaacha. Nilimkuta siku moja amekitungua kile kikombe kwenye msumari, amekishika mapajani, anakigeuzageuza. Akaniambia nikitupe. Nikakitupa. Kufika hapo Mtani alikuwa ameshahamia Makorora, na mchicha tukawa tunanunua sokoni.

Mavyaa alifariki mwaka ule watu walipokuwa wanaanza kusema uhuru umekaribia. Nyumba ilijaa. Nilikuwa nimempenda yule mama kwa makosa yake yote, na nilikaa pale mkekani nimekauka, sijala, sijalia. Mchana Mtani akaingia. Amezeeka, anaegemea mkongojo, ila ule urefu bado. Wanawake wa zamani wa barabara yetu walipomwona wakafunguka nyuso. Nikaona mmoja anausogeza ufagio taratibu mpaka karibu na mlango, mahali ambapo mtu akipita lazima auone. Koti la mavyaa la baridi lilikuwa linaning'inia ukutani. Sote tulikuwa tunangoja kitu kimoja. Tulitaka aweke mkono kiunoni, akohoe, atuite washenzi kwa sauti ya mavyaa.

Aliukwepa ufagio, akauzunguka. Akavua viatu, akakaa mwisho wa mkeka, mahali pa wageni, miguu ameikunja kwa adabu. Nikaenda ndani mwenyewe, nikamletea maji kwenye bilauri ya kioo, ile ya kabatini. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akanirudishia.

Alikaa muda wa heshima, kisha akainuka. Nikamfuata hadi nje, nikamshika kanga, watu wanaona, sikujali.

"Mtani," nikamwambia, "mavyaa kafa na hujamtukana."

Akaugeuzia uso upande wa barabara.

"Nitukane mimi basi. Neno moja tu. Nitukane hii miguu." Na hapo ndipo machozi yalipokuja, yote, ya mavyaa na ya lile debe.

Akaitazama miguu yangu. Niliona pembe ya mdomo wake inacheza, naapa niliona, lile neno lilimfika kwenye meno. Akameza mate. Akaniondoa vidole kwenye kanga yake, polepole, kimoja kimoja, akanipa mkono kama wanavyopeana watu wasiojuana.

"Pole sana, bibie," akasema. "Mungu awape subira."